Talaka ya Mombasa na Minazi ya Mkwaja



Somo letu la leo ni la sheria. Msishtuke. Sheria si mali ya mawakili peke yao. Ikiwa unaweza kusoma barua ya mwanao na bei ya kopra, unaweza pia kusoma hati ya mahakama na kujua inakupa nini na haikupi nini. Someni polepole. Mahali pagumu rudieni, au someni kwa sauti katika kikundi.

Siku moja, baada ya kisomo hapa Mkwaja, wenzetu walikwisha kutawanyika kwenda majumbani. Mama mmoja alibaki. Alifungua pindo la kanga, akatoa bahasha ya khaki iliyokunjwa mara nne. Akasema, "Mwalimu, hii nimeisoma mwenyewe. Jina langu nimeliona. Jina la aliyekuwa mume wangu nimeliona. Tarehe nimeiona. Mengine ni Kizungu. Lakini watu wananiambia karatasi hii haina kazi hapa."

Tuliisoma. Ilikuwa hati ya talaka kutoka Mahakama ya Kadhi, Mombasa.

Jina la mama huyu hatutalitaja, na mambo mengine tumeyabadili kidogo asijulikane. Habari yenyewe ni hii. Yeye na mumewe ni watu wa pwani hii ya Pangani. Waliondoka kwenda Mombasa kutafuta maisha. Walikaa huko miaka kumi na mmoja. Mume alifanya kazi bandarini, mke akapika vitumbua na mikate ya mofa akiuza asubuhi. Fedha ikapatikana kidogo kidogo. Mwaka mmoja walipokuja kusalimu wazee, walinunua shamba la minazi hapa nyumbani. Hati ya mauziano iliandikwa jina la mume. Baadaye ndoa ikaharibika. Walikwenda kwa Kadhi, wakasikilizwa wote wawili, talaka ikatolewa. Mama akarudi nyumbani kwa njia ya Lungalunga na Horohoro, na bahasha yake.

Eda ikaisha. Miezi ikapita. Akatokea mtu wa kumposa. Hapo ndugu wa mume akaja juu: "Shemeji, wewe bado ni mke wa kaka. Talaka ya Kenya haifanyi kazi Tanzania." Posa ikasimama.

Haukupita muda mrefu, ndugu huyo huyo akaleta mnunuzi kulipima lile shamba la minazi. Mama alipouliza, akajibiwa: "Wewe unataka nini hapa? Si ulikwisha kuachwa Mombasa?"

Mmesikia wenyewe? Kwenye posa, yeye ni mke. Kwenye minazi, yeye si mke. Karatasi moja, inakufa asubuhi na kufufuka jioni, kufuata faida ya mtu. Tulicheka pale, lakini mama hakucheka. Alikuwa anapoteza mume mpya na shamba la zamani kwa pamoja.

Basi tuone sheria inasemaje.

MANENO MAWILI YA KUJIFUNZA

Neno la kwanza ni kutambua. Mahakama au serikali ya hapa ikitambua hukumu ya nchi nyingine, inasema: "Ndiyo, tunakubali kwamba watu hawa si mume na mke tena." Hukumu hiyo inaeleza hali ya mtu, yaani kama ameolewa, ameoa au ameachika.

Neno la pili ni kukazia. Kukazia hukumu ni kuifanya itendeke. Mtu aliyeamriwa kulipa, alipe. Aliyeamriwa kutoka katika nyumba, atoke. Asipotii, mahakama inatumia nguvu yake, pengine hata kumtuma dalali.

Watu wengi huchanganya maneno haya mawili, na ndipo wanapopotea. Hukumu inaweza kutambuliwa bila ya kukaziwa. Hali yako ya ndoa unatembea nayo popote uendapo, kama jina lako. Lakini shamba halitembei. Shamba liko Mkwaja, na amri juu ya shamba la Mkwaja hutolewa na mahakama ya hapa nchini. Kadhi wa Mombasa, pamoja na heshima yake yote, hana askari wa kumtuma Mkwaja.

JE, TALAKA YA MOMBASA INATAMBULIWA?

Tanzania Bara tunayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hii inawahusu Waislamu, Wakristo, Wahindu, waliooana kwa mila na waliooana serikalini. Kifungu cha 91 kinazungumzia hukumu za mahakama za nchi za nje. Tukikieleza kwa maneno mepesi, kinasema hivi: hukumu ya talaka iliyotolewa na mahakama halali ya nchi ya nje itatambuliwa hapa, hata kama ndoa yenyewe ilifungwa hapa Tanzania, ikiwa mmoja wa wanandoa ana maskani yake ya kudumu katika nchi ile, au alikuwa amekaa huko muda usiopungua miaka miwili mfululizo kabla ya kufungua shauri. Ipo na njia nyingine: mahakama ya nchi ambayo ndiyo maskani ya wanandoa, au ya mmoja wao, iwe imetamka kwamba talaka ile ni halali.

Angalieni hiyo miaka miwili. Mama wetu alikaa Mombasa miaka kumi na mmoja. Mumewe pia. Miaka miwili imepita mara tano na ziada.

Je, Kadhi wa Mombasa ni mahakama halali? Ndiyo. Kenya mahakama za Kadhi zimo ndani ya Katiba yao. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 170, inazipa uwezo wa kuamua mambo ya Kiislamu ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa huko. Kwa hiyo kadhi wa Kenya ni hakimu wa serikali. Hapa Bara hali ni nyingine. Makadhi wa serikali waliondolewa baada ya uhuru, mahakama zilipounganishwa katika miaka ya 1960. Makadhi tulio nao leo ni viongozi wa dini. Wanasuluhisha na kushauri, lakini hawatoi hukumu ya mahakama. Nadhani hapa ndipo shemeji yule alipochanganyikiwa, kama kweli alichanganyikiwa. Alidhani kadhi wa kule ni kama kadhi wa huku.

Basi jibu la swali la kwanza ni hili: hati ya mama inatambuliwa. Yeye ni mtu huru. Anaweza kuposwa, na anaweza kuolewa.

Lakini hukumu ya nje inaweza pia kukataliwa. Kwa mfano, ikiwa mwenzako hakuitwa shaurini akapata nafasi ya kusema. Au ikiwa hukumu ilipatikana kwa udanganyifu. Au ikiwa mtu alikwenda nchi nyingine wiki tatu tu, akadai yeye ni mkazi, akapewa talaka, akarudi. Ndiyo maana tunauliza daima: ulikaa huko muda gani, na mwenzako aliitwa?

KUITAYARISHA HATI

Mama aliuliza: "Sasa nikionyesha bahasha hii nitaaminiwa?" Si hivi hivi. Hati ya nchi nyingine lazima ithibitike kuwa ya kweli. Siku hizi mihuri huchongwa vichochoroni.

Kwanza, tazama kama unayo nakala iliyothibitishwa na mahakama yenyewe, yenye muhuri, saini, namba ya shauri na tarehe. Fotokopi ya fotokopi haifai. Kama ya kwako ilinyeshewa na mvua au iliungua, andika kwa msajili wa mahakama ile ukitaja namba ya shauri. Namba hiyo iandike pia katika daftari lako la kisomo, maana bahasha hupotea lakini namba hukumbukwa.

Pili, hati ipelekwe kwenye ofisi ya ubalozi wetu katika nchi ile, ikathibitishwe kwamba imetoka kwa mwenye mamlaka ya kuitunza. Kwa waliokuwa Mombasa, Tanzania ina ofisi ya ubalozi mdogo palepale Mombasa. Ni rahisi sana kulifanya jambo hili kabla hujafunga mizigo. Mama wetu alikuwa amekwisha rudi, ikabidi amtume mpwa wake. Nauli ya kwenda na kurudi, na siku mbili za kazi, zikaenda hivyo.

Tatu, lugha. Tangu mwaka 2021 sheria yetu imefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Hati ya Kiingereza au ya Kiarabu itafutiwe mfasiri anayekubalika. Usimpe mtoto wa sekondari akufasirie halafu ukapeleka mahakamani.

Nne, majina. Hili ni dogo, lakini linaleta taabu kubwa. Kwenye cheti cha ndoa mtu ni Mwanahawa, kwenye hati ya talaka ni Hawa, na kwenye kitambulisho cha taifa ni kitu kingine tena. Karani atasema hawa ni watu watatu. Kiapo cha kueleza kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja kitahitajika.

Tano, ushahidi wa kukaa huko miaka miwili. Mama alisema, "Mie sina." Tukamwuliza: kadi ya kliniki ya mtoto? Anayo. Risiti za kodi ya chumba? Zimo sandukuni. Ripoti ya shule ya mtoto? Ipo. Basi ushahidi anao. Karatasi ambazo alikuwa karibu kuwashia moto ndizo zilizomsaidia.

Hati ikiwa tayari, haina sababu ya kukaa katika kanga. Wakala wa usajili, yaani RITA, ndio wanaotunza madaftari ya ndoa na talaka nchini. Waulize juu ya kuiandikisha. Na mtu anapotaka kufunga ndoa mpya, sheria inataka taarifa itolewe siku 21 kabla, na katika taarifa hiyo kila mmoja aeleze hali yake ya ndoa. Hapo ndipo hati itakapoulizwa. Mwanamke asilichukulie jambo hili kwa wepesi. Kwa sheria yetu, mwanamke aliye bado katika ndoa akifunga ndoa na mwanamume mwingine anatenda kosa.

Na kama shemeji, au mtu mwingine yeyote, anaendelea kubisha? Basi mahakama yetu iombwe itoe tamko kwamba talaka ile inatambuliwa. Sisi tunashauri ombi kama hili lipelekwe Mahakama ya Wilaya pale Pangani, kwa kuwa hati inatoka nje ya nchi. Mahakama Kuu ipo Tanga mjini. Usianze na ubishi wa barazani. Maneno ya barazani, hata yakiwa matamu, hayana muhuri.

SASA MINAZI

Hapa ndipo penye uzito. Tukae kidogo.

Mama alidhani kwamba kwa kuwa hati yake haikutaja shamba, basi shamba limekwenda. Ndugu wa mume naye alidhani hivyo, au alitaka mama adhani hivyo. Wote wawili walikosea.

Mahakama ya Mombasa haikutaja shamba kwa sababu haina uwezo juu ya ardhi ya Tanzania. Hata kama ingelitaja, amri hiyo isingelihamisha shamba hapa. Kazi ya kugawa mali ya ndoa iliyoko hapa ni ya mahakama yetu. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa na wanandoa kwa juhudi zao za pamoja katika ndoa. Na inaweza kufanya hivyo wakati wa kutoa talaka, au baada ya talaka kutolewa. Someni tena maneno hayo: au baada ya talaka kutolewa. Maneno matano madogo, lakini kwa mama huyu ni kama ngalawa kwa mtu aliyekwama kisiwani.

Kwa hiyo anachukua ile hati ya Mombasa, iliyothibitishwa, anaitumia kama ushahidi kwamba ndoa imekwisha. Kisha anaomba mahakama ya hapa igawe shamba. Hati ya nje inafungua mlango. Kuingia ndani ni kwa ombi jipya.

"Lakini mwalimu," akasema, "hati ya shamba ina jina lake yeye."

Jina kwenye hati ni jambo zito. Sheria huanza kwa kuamini kwamba mali ni ya yule mwenye jina. Lakini imani hiyo inaweza kuondolewa kwa ushahidi. Nani aliona fedha zikitolewa? Nani alijua kwamba fedha za vitumbua ziliingia humo? Nani alilipa wapalizi? Mashahidi wa mauziano wangali hai? Mzee mmoja aliyeweka dole gumba siku ile alikumbuka vizuri kabisa kwamba fedha zilitoka katika kibindo cha mama. Mzee huyu sasa anajua kuandika jina lake, ni mwanakisomo wetu.

Na yule ambaye hakuuza hata kitumbua kimoja, alikaa nyumbani akapika, akafua, akalea? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Mahakama ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Kabla ya hapo mahakimu walikuwa wakivutana: wengine walikubali, wengine walisema kazi ya nyumbani ni wajibu tu wa mke. Haki ituruhusu tuseme na upande wa pili: Bi Hawa mwenyewe hakupewa zaidi, maana mahakama iliona kwamba alikwisha tapanya fedha alizopewa na mumewe za kuendeshea biashara. Lakini kanuni ilibaki, na inatumika hadi leo. Mchango hupimwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kila mtu lazima apate nusu kwa nusu.

Shauri huchukua muda. Na mnunuzi amekwisha kuja na kamba ya kupimia. Utafanyaje leo, kabla ya mahakama? Ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na uhamisho wa ardhi hiyo hauwezi kuwa siri ya watu wawili chini ya mwembe. Basi andika barua. Mnajua kuandika barua, hiyo ndiyo kazi tuliyoifanya pamoja. Huu hapa mfano:

Afisa Mtendaji wa Kijiji,
Kijiji cha Mkwaja,
Wilaya ya Pangani.

Ndugu,

Yah: Shamba la minazi lililopo (taja mahali na mipaka)

Mimi (jina kamili) nilikuwa mke wa (jina kamili). Ndoa yetu ilivunjwa na Mahakama ya Kadhi, Mombasa, shauri namba (…), tarehe (…). Nakala ya hati naiambatanisha.

Shamba lililotajwa hapo juu tulilinunua tukiwa katika ndoa, mwaka (…), kwa fedha zetu wote wawili. Mali hii haijagawanywa. Nimepata habari kwamba linataka kuuzwa. Napeleka ombi mahakamani.

Naomba halmashauri ya kijiji isiidhinishe mauzo wala uhamisho wa shamba hili mpaka mahakama itakapoamua.

Wako,
(saini na jina)

Andika nakala mbili. Moja mpe mtendaji, ya pili akugongee muhuri wa "imepokelewa" pamoja na tarehe, urudi nayo nyumbani. Akikataa kugonga muhuri, nenda na mashahidi wawili na uandike majina yao. Barua hii si amri ya mahakama. Haimfungi mtu mikono milele. Lakini mnunuzi mwenye akili akisikia kwamba shamba lina barua kwa mtendaji, hurudisha fedha zake mfukoni. Mahakamani, mara shauri likifunguliwa, unaweza kuomba amri ya kuzuia mauzo, na hiyo sasa ni amri kweli.

Fedha nazo? Ikiwa mahakama ya kule iliamuru mume alipe kiasi fulani cha fedha, na mume amekimbilia huku, amri hiyo haijikazii yenyewe. Ipo sheria ya tangu zama za Mwingereza inayoruhusu hukumu za Kenya, Uganda na Zanzibar ziletwe mahakama za Bara zikaziwe. Hili mwone mwanasheria, lina taratibu zake.

Watoto ni habari nyingine kabisa. Hata kama mahakama ya nje iliamua wakae na nani, mahakama yetu itakapoulizwa itatazama kwanza manufaa ya mtoto, na mtoto aliye chini ya miaka saba sheria huanza kwa kudhani kwamba afadhali awe na mama yake. Hayo tutayaandikia somo lake.

TALAKA YA SIMU

Tulipoyasoma haya darasani, bibi mmoja aliuliza: "Mwanangu, na yule aliyeachwa kwa simu kutoka Muscat?" Darasa zima likageuka kumtazama. Inaonyesha jambo hili si geni.

Hapa tuwe waangalifu. Hatuingilii dini. Kama talaka imepita au haikupita mbele ya Mwenyezi Mungu, muulizeni sheikh. Sisi tunasema sheria ya nchi.

Mume aliyeko Oman akienda mahakama ya Oman, akiwa amekaa huko miaka miwili, na mke akaitwa, hiyo ni hukumu ya mahakama. Kanuni ni ile ile ya Mombasa. Ithibitishwe na ubalozi wetu Muscat, ifasiriwe kutoka Kiarabu.

Lakini mume akituma ujumbe tu kwenye simu, "nimekuacha, talaka tatu", hiyo si hukumu ya mahakama yoyote. Kifungu cha 92 kinasema talaka ya nje isiyotolewa na mahakama itatambuliwa ikiwa ilikuwa halali kwa sheria ya nchi ya maskani ya kila mmoja wao, au ikiwa mahakama ya nchi ya maskani imetamka kwamba ni halali. Mke maskani yake ni Mkwaja. Na kwa sheria ya Bara, ndoa haivunjiki kwa tamko la mume peke yake. Sheria ya 1971 haikuitupa talaka ya Kiislamu. Ilichosema ni kwamba jambo lipite kwanza katika baraza la usuluhishi wa ndoa, baraza likishindwa litoe hati, kisha talaka ifikishwe mahakamani, nayo mahakama ndiyo itoe hukumu.

Basi mwanamke yule wa simu, mbele ya sheria, bado ni mke. Si vibaya kila upande. Mume akifa kesho, hawezi kufutwa kirahisi katika mirathi kwa ujumbe wa simu. Lakini pia hawezi kufunga ndoa nyingine. Amening'inia.

Afanye nini? Afungue shauri la talaka hapa hapa. Asitupe ule ujumbe wa simu, auhifadhi, ni ushahidi. "Na baraza litamwitaje mtu aliyeko Uarabuni?" aliuliza bibi. Swali zuri. Sheria imeliona hilo. Kwa kawaida huwezi kufungua shauri la talaka bila ya kupitia barazani, lakini ikiwa mwenzako anaishi nje ya Tanzania na hakuna dalili kwamba ataingia nchini ndani ya miezi sita tangu kufungua shauri, baraza linaweza kuachwa. Wengi hawalijui jambo hili, wanakaa miaka wakimsubiri mtu ashuke uwanja wa ndege.

Na Unguja? Jahazi zetu zimekwenda Unguja tangu enzi za mababu, na ndoa zimefuata jahazi. Unguja si nchi ya kigeni kwetu, lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 haivuki maji kufika kule. Wao wana Mahakama za Kadhi za serikali, ambazo sheria yake ya sasa ni ya mwaka 2017. Kwa hiyo hati ya Kadhi wa Zanzibar ni hati ya mahakama, itunzeni na kuithibitisha kwa njia hiyo hiyo. Na shamba likiwa Bara, shauri la shamba ni la Bara.

Wanaume msidhani somo hili ni la wanawake tu. Mwanamume aliyeachana na mkewe Kenya, akarudi bila hati, anaweza kudaiwa matunzo ya mke ambaye anajua si mke wake tena. Na yeye atakosa la kuonyesha.

Gharama mnazijua: nauli mpaka Pangani, ada, mfasiri. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa msaada wa bure kwa wasio na uwezo, na wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa kwa sheria hiyo. Muulizeni mtendaji wa kata au ofisi ya maendeleo ya jamii wilayani. Anayekwambia "nipe fedha nikumalizie yote" mwepukeni.

Mama wetu alipeleka barua yake kwa mtendaji, ikagongwa muhuri. Mnunuzi hakurudi. Ombi lake liko mahakamani, na hadi tunaandika somo hili halijaamuliwa. Posa imeanza tena kuzungumzwa, lakini sasa ni yeye mwenye kusema subirini kidogo, nimalize la minazi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Eleza kwa maneno yako tofauti ya kutambua hukumu na kukazia hukumu.

2. Mtu amekaa Mombasa mwaka mmoja na miezi minne, kisha akafungua shauri la talaka huko. Mwenzake yupo Mkwaja, na wote maskani yao ni Mkwaja. Je, hukumu hiyo itatambuliwa hapa? Kwa nini?

3. Je, katika kijiji chenu yupo aliyeachwa kwa simu au kwa barua? Bila ya kutaja jina lake, jadilini aanzie wapi.

4. Kila mmoja aandike barua kama ile ya hapo juu, akitaja shamba, nyumba au chombo. Mwalimu azipitie.